Kaa, Mkaa, Ukaa: Ilani ya Watu wa Mikoko

Sisi tulioikubali ilani hii ni watu wa delta ya Rufiji. Tumo wakulima wa mpunga, wavuvi wa kamba, akina mama wanaokamata kaa maji yakipwa, mafundi wa mashua, walimu, na wazee ambao ujana wao waliumaliza wakikata boriti na kuzihesabu korija kwa korija, ishirini ishirini, zikingoja jahazi. Hatukukutanishwa na chama wala na mradi. Tumekutanishwa na tope.

Anayeshangaa watu wazima kukutana kwa ajili ya tope, na aje maji yakipwa. Avue viatu, aingie mikokoni, azamishe mkono mpaka kiwiko. Atatoa kitu cheusi chenye harufu ya yai viza, na ndani yake atakuta nyuzi za mizizi na vipande vya majani ambavyo bado havijaoza. Jani likianguka nchi kavu huoza likaisha kabla ya miaka mingi kupita. Chini humu hakuna hewa. Vijidudu vinavyoozesha vitu kwa kasi vinahitaji oksijeni, na maji yamejaa kila tundu la tope, kwa hiyo kuoza kunakwenda polepole mno. Kilichozama kinabaki, na juu yake kinazama kingine, mwaka baada ya mwaka, mafuriko baada ya mafuriko.

Kilichobaki humo ni kaboni. Watafiti waliopima mikoko ya nchi za bahari ya Hindi na Pasifiki walitangaza mwaka 2011 kwamba kila hekta ilikuwa na wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni, na sehemu kubwa ya hizo haikuwa kwenye miti. Ilikuwa chini, topeni. Delta yetu ina hekta 50,000 hivi za mikoko. Hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huu Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi tuliambiwa tunaishi kwenye kinamasi kisicho na faida. Leo wageni wanakuja na kalamu na mikataba, wakiliulizia lile lile tope. Kabla hatujatia sahihi mahali popote, tumeona tuseme wenyewe tope hili ni nini, linafanya kazi gani, na nani hana ruhusa ya kulitumia kama kisingizio.

Lugha yetu inatusaidia kuanza. Kaa ni kipande cha moto. Mkaa ni mti uliochomwa huku ukinyimwa hewa, ukabaki karibu kaboni tupu. Hewa ukaa ndiyo inayotoka mkaa ukiwaka, ndiyo hiyo hiyo tunayoitoa puani. Kaa ni yule wa matopeni anayeburuta majani yaliyoanguka na kuyaingiza shimoni mwake, akaizika kaboni mahali ambapo mawimbi hayawezi kuichukua. Na kaa ni amri: usiondoke, bakia hapo. Hatudai kwamba maneno haya yote yametoka shina moja. Yamekutana vinywani mwetu, nasi tumeyaokota kwa sababu yanalisimulia jambo letu lote kwa silabi mbili.

Kaboni haiumbwi na mti wala haiangamizwi na moto. Inahama tu. Mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko, unavuta hewa ukaa kwa majani yake, na kwa nguvu ya jua unaigeuza kuwa sukari na mbao. Shuleni watoto wetu wanaiita kazi hiyo usanisinuru. Jani linadondoka, kaa analila, samaki anamla kaa, mtoto anamla samaki kwa wali, na usiku ule mtoto akiwa amelala ile kaboni inatoka puani mwake na kurudi hewani kungoja mti mwingine. Huo ndio mzunguko wa haraka. Unahesabiwa kwa siku na kwa miaka, na kwa karne pale kaboni inapopata bahati ya kuzama topeni.

Uko mzunguko mwingine, wa polepole, ambao binadamu hana maisha ya kuutazama. Mvua inachukua hewa ukaa angani, inapata uchachu kidogo, inalainisha miamba. Mito inayabeba yaliyoyeyuka hadi baharini. Viumbe vidogo vinajijengea magamba. Magamba yanazama na kushindiliwa mpaka yanakuwa jiwe. Na jiwe likididimia chini sana, joto la ardhi linairudisha kaboni juu kwa njia ya volkano. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuuona. Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati: inamiminika nyeusi, na unyevu ukiigusa inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Goma, kwa ndugu zetu wa Kivu, hewa ukaa inatoka kwenye nyufa za ardhi na kujikusanya mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akishuka humo hatoki. Wao wameipa jina, mazuku, na wanasayansi wa mataifa wamelichukua neno hilo la Kiswahili kama lilivyo. Hata mwashi wa zamani wa pwani aliugusa mzunguko huu. Jiwe la matumbawe likichomwa tanurini linatoa hewa ukaa, na chokaa ikishapakwa ukutani inaivuta tena kidogo kidogo kadiri inavyokauka na kuwa ngumu. Kuta za Mji Mkongwe zimevuta pumzi hiyo.

Kusini kwetu, Kilwa na Lindi, udongo wa mfinyanzi umetunza ushahidi wa mzunguko huu kwa namna ambayo sehemu chache duniani zinaweza kujivunia. Wanasayansi walichimba visima vyembamba humo, wakatoa magamba ya viumbe vya bahari madogo kuliko punje ya chumvi, yakiwa mazima kana kwamba yalizikwa juzi. Walichokisoma ndani yake kilichapishwa mwaka 2009: miaka milioni 34 iliyopita hivi, wakati barafu kubwa ilipoanza kujijenga Antaktika, hewa ukaa ilikuwa imepungua angani. Ncha ya kusini ya dunia ilivaa barafu, na shahidi alikuwa amelala chini ya mashamba ya korosho na mihogo ya watu wa pwani. Tunataka kila mtoto wa Kilwa alijue hili kama anavyolijua jumba la Husuni Kubwa.

Tumeeleza mizunguko hii miwili kirefu kwa sababu madai yetu yote yamesimama juu ya tofauti yake. Tukiwasha makaa ya mawe, petroli au gesi, tunaitoa kaboni kwenye mzunguko wa polepole na kuimwaga kwenye ule wa haraka. Tunafungua kwa dakika kilichofungwa kwa mamilioni ya miaka. Volkano zote za dunia kwa mwaka hazifikii hata sehemu moja ya hamsini ya hewa ukaa tunayoitoa sisi binadamu, ambayo kwa nishati hizo peke yake ni tani bilioni 37 hivi. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Charles David Keeling alipoanza kupima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta 315 hivi. Sasa zimepita 420. Barafu iliyochimbwa Antaktika ina viputo vya hewa ya miaka 800,000, na katika muda huo wote hakuna mahali hewa ukaa ilipofika hata 310.

Mpaka hapo wengi wanatufuata. Hewa ukaa inazuia joto lisitoke, dunia inapata homa. Lakini habari ikiishia hapo imekatwa nusu, na nusu iliyokatwa ndiyo inayotuhusu sisi watu wa tope. Joto nalo lina mkono wake. Linaigeukia kaboni iliyokuwa imelala na kuiamsha.

Mfano mdogo kabisa uko dukani. Soda iliyotoka kwenye friji ukiifungua inatoa mlio tu. Iliyoshinda juani inamwagika povu mpaka mkononi. Maji ya baridi hushika gesi, maji ya moto huiachia. Bahari ni chupa kubwa ya namna hiyo: ina kaboni zaidi ya mara 40 ya ile iliyoko hewani. Enzi za barafu zilipokuwa zikiisha, jua halikuongezewa kuni. Kilichobadilika kwanza ni namna dunia inavyoinama na kulizunguka jua, mabadiliko madogo ambayo peke yake yasingetosha. Joto kidogo likaingia, bahari ikaachia sehemu ya hewa ukaa yake, hewa ukaa ikaongeza joto, joto likafungua ghala jingine. Hewa ukaa ikapanda kutoka chembe 180 hadi 280 hivi. Mtu anayeuliza ni kipi kilitangulia, joto au hewa ukaa, akidhani ameikamata sayansi uongo, na atazame watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Huyu akiinua, yule anashusha.

Wakulima tuliomo humu tunalijua jambo hili kwa mikono. Samadi iliyowekwa shambani wakati wa baridi inadumu. Ikiwekwa wakati wa joto na unyevu inaliwa haraka. Wanaoila ni vijidudu vya udongoni, na wakila wanapumua, na wakipumua wanatoa hewa ukaa kama sisi. Mwaka 2015 El Niño kubwa ilipopiga, setilaiti ya Marekani iliyokuwa imerushwa mwaka uliotangulia kupima hewa ukaa kutoka angani ilikuwa tayari juu. Ikaonyesha kwamba nchi za joto zilitoa kaboni ya ziada kiasi cha tani bilioni 2.5 kuliko zilivyotoa mwaka 2011. Amerika ya Kusini miti ilipigwa na ukame ikashindwa kula. Asia moto ulichoma misitu na mboji. Afrika mvua haikupungua sana, wala hatukuwaka kwa kiasi hicho. Afrika ilikuwa na joto tu, na udongo wetu ukapumua zaidi. Hakuna aliyekata mti, hakuna aliyewasha kiberiti, na bado kaboni iliondoka chini ya miguu yetu. Kila mara tunaposoma habari hii katika vikao vyetu watu hunyamaza.

Hali hiyo imejirudia. Kati ya 2023 na 2024 hewa ukaa angani iliongezeka kwa chembe 3.5 katika milioni, ongezeko la mwaka mmoja kubwa kuliko yote tangu vipimo vya kisasa vianze. Ilikuwa tena zamu ya El Niño, moto ulikuwa mwingi, na misitu na bahari zilipokea kidogo kuliko zilivyozoea. Tukumbuke kwamba karibu nusu tu ya hewa ukaa tunayoitoa inabaki hewani. Nusu nyingine huchukuliwa na bahari, misitu na udongo, bila malipo, na watu wamezoea kuihesabu kana kwamba ni haki yao ya kuzaliwa. Tunayempa mzigo huo ndiye tunayemuunguza kwa joto. Siku atakapoutua mzigo, hata nchi iliyopunguza moshi wake itaona joto likipanda, nayo itauliza limetoka wapi.

Katikati ya bonde la Kongo kuna kinamasi ambacho ramani yake ya kwanza ilitoka mwaka 2017. Chini ya misitu yake kuna mboji iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, na ndani yake tani bilioni 30 hivi za kaboni. Kikubwa kuliko ukubwa wake ni historia yake. Watafiti, wakiwamo Wakongo wenyewe, walipozamisha vyuma wakatoa mboji tabaka kwa tabaka, walikuta pengo: kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita kuna maelfu ya miaka ambayo mboji yake karibu haipo. Haikukatwa na mtu. Hali ya hewa ilikauka, maji yakashuka, hewa ikaingia mahali isipopaswa kuingia, na kilichokuwa kimetunzwa kikaoza kikarudi angani. Mvua ziliporudi kinamasi kikaanza kujenga upya. Ghala lile lilikwishawahi kufunguka lenyewe. Mlango wake ni mvua.

Mlango wa ghala letu ni maji ya bahari na tope la mto. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisomba udongo kutoka bara na kuumwaga katika hori ya Mwache, Mombasa. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochungulia juu ya tope. Ile mizizi ikafukiwa, na sehemu kubwa ya miti ikafa imesimama. Mwaka huohuo wa 1998 bahari ilipata joto na matumbawe ya pwani yetu yakapauka na mengi kufa. Hiyo ni hatari ya tope kuzidi. Iko hatari ya tope kupungua. Kina cha bahari duniani kinapanda zaidi ya milimita 3 kila mwaka na kasi inaongezeka. Mkoko unaweza kupanda pamoja nacho iwapo mto unaendelea kuuletea udongo wa kusimamia, lakini wanaosoma historia ya mikoko ya maelfu ya miaka wanasema kasi ikipita milimita 6 hivi kwa mwaka, mikoko hushindwa kuifuata. Ikishindwa inazama, inakufa, mawimbi yanaichimba, na kaboni ya karne inarudi hewani kuongeza joto lililoiua.

Kwa hiyo tunasema neno letu la kwanza, na ndilo lililotufanya tuanzishe harakati hii. Tope letu si stakabadhi ya moshi wa mtu. Kaboni iliyokuwa kwenye makaa ya mawe ilikuwa mahali ambapo ukame haufiki wala kimbunga hakigusi. Kaboni ya mikoko imeshikwa na maji na mizizi. Mwenye kuitoa ile akadai ameifidia kwa hii ametoa mali kwenye sanduku la chuma akaiweka katika kikapu cha ukili, halafu akawasha moto karibu na kikapu. Kwa sababu joto linaweza kulifungua ghala letu, ghala letu haliwezi kuwa dhamana ya anayeongeza joto. Hili hatukulitoa kwenye siasa. Limo ndani ya mzunguko wenyewe.

Wenzetu wa Gazi na Makongeni, Kwale, wametufundisha mengi. Tangu mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni, wa kwanza wa aina yake duniani kwa mikoko, na fedha zimepeleka maji na vitabu pale ambapo havikuwapo. Tumewaangalia kwa heshima na hatuna neno baya juu yao. Wala hatusemi kijiji kisilipwe. Alindaye anastahili ujira, kama mlinzi yeyote wa ghala. Tunachokataa ni ujira huo kuitwa ruhusa. Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na watu wanapita vijijini. Kijiji chochote kitakachoungana nasi kitauliza kabla ya yote: anayelipa anapunguza moshi wake mwenyewe kwa kiasi gani, na hesabu hiyo iko wapi kwa Kiswahili? Asiye na jibu atakaribishwa chai na kusindikizwa hadi mashuani.

Sasa tuseme la nyumbani, maana ilani inayowasema wageni peke yao haina uso. Sisi wenyewe tumekata mikoko. Katika delta ya kaskazini, maji baridi ya mto yalipobadilisha njia, watu walifyeka mikoko wakapanda mpunga, na wamo katika harakati hii. Walifanya hivyo kwa njaa, si kwa ukorofi. Miaka michache mpunga unastawi, kisha magugu na kaa na chumvi vinazidi, shamba linaachwa, na linalofuata linafyekwa mbele. Tope lililofunuliwa jua na hewa linaanza kuoza mara moja. Kilichojengwa kwa mamia ya miaka kinaondoka kwa sehemu ndogo ya muda huo. Tunalijua hilo. Lakini tunajua pia kwamba msitu huu uliwekwa chini ya hifadhi ya serikali tangu mwaka 1898, enzi ya Wajerumani, na tangu hapo kila utawala ukiutazama unamwona mkazi kama mwizi anayepaswa kufukuzwa. Boriti zilizokwenda Uarabuni kwa majahazi ziliezeka nyumba za watu wengine kwa vibali. Aliyekata pau tano za kibanda chake akakamatwa. Ulinzi wa namna hiyo umeshindwa kwa zaidi ya karne. Hatutakubali neno kaboni liwe fimbo mpya ya kuwachapia watu wale wale.

Tunachotaka badala yake ni kazi tunayoweza kuifanya wenyewe. Mashamba ya mpunga yaliyokwishaachwa yafunguliwe njia za maji, maana mara nyingi mkoko hauhitaji kupandwa: maji yakiruhusiwa kuingia na kutoka, mbegu za mkandaa na mchu zinakuja zenyewe na bamvua. Wanaolima sasa wasiondolewe. Wapewe mbegu zinazovumilia chumvi na msaada wa kuboresha mashamba yao ya nyuma ya delta ili wasisonge mbele tena. Mkaa wa mikoko na tanuri za chokaa zinazokula mikoko ziishe, na wanaoishi kwazo wapate riziki nyingine kwanza, si baadaye.

Juu ya gesi tulibishana mpaka usiku mkubwa, na hatukupigiana kura. Tuliendelea mpaka tukaelewana. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikienda Dar es Salaam tangu 2004, ikipita karibu na kwetu. Ni kaboni ya mzunguko wa polepole, sawa na yoyote. Afrika nzima hutoa asilimia 4 hivi tu ya hewa ukaa ya makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani, na mtu wa Kibiti anayesomea kwa kibatari hana deni kwa mwenye magari matatu wa Ulaya. Tumekubaliana hivi: gesi inayoondoa mkaa jikoni na dizeli kwenye mitambo tunaivumilia, gesi inayochimbwa ili kuahirisha jua na upepo, au ili kuwauzia waliokwisha kutumia fungu lao, tutaipinga kwa sauti. Waliokuwa na mawazo mengine bado wako nasi, na mjadala huu hatujaufunga.

Juu ya mto tunadai jambo moja, na tunalidai kwa adabu kwa kuwa umeme tunauhitaji sisi pia. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115. Bwawa lolote hunasa mchanga na tope nyuma ya ukuta wake. Delta ni mtoto wa tope hilo. Tunataka kiasi cha udongo kinachopita bwawani kipimwe na kutangazwa kila msimu, na ratiba ya kufungulia maji ipangwe kwa kuwauliza pia watu wa chini ya mto, ili delta ipate cha kusimamia bahari inapopanda. Mwaka 2024 tulipata mafuriko makubwa mwezi Aprili, na Mei kimbunga Hidaya kikaja upande wa Mafia. Tulihesabu nyumba, mashamba na mashua zilizopotea. Hakuna aliyetuambia delta ilipata tope kiasi gani au ilipoteza kiasi gani, na bila hesabu hiyo hatujui ghala limefungwa zaidi au limepasuka.

Basi tutaihesabu wenyewe. Kazi ya kwanza ya harakati hii ni vigingi. Kila kitongoji kitachagua mahali patatu: ukingoni mwa bahari, katikati ya mikoko, na nyuma kule mchu unapokutana na nyasi. Kigingi kitapigwa kwa nyundo mpaka kigome kwenye tabaka gumu la chini, na kila bamvua, maji yakishapwa, watu wawili watapima kutoka kichwa cha kigingi hadi usoni mwa tope. Mmoja awe kijana, mwingine awe mtu aliyeona delta kabla ya huyo kijana kuzaliwa. Kipimo kitaandikwa kwa milimita katika daftari la kitongoji, na daftari litabaki kitongojini. Anayelitaka kwa utafiti atalisoma hapo na kunakili, naye ataacha nakala ya anachokiandika, kwa lugha tunayoisoma. Vigingi visikatwe kwenye mti mbichi. Mti uliokufa umesimama upo wa kutosha.

Hatuna ada ya uanachama. Anayejiunga anatoa siku mbili kwa mwezi, siku za bamvua, na anaapa mbele ya wenzake kwamba hatauza kwa siri kisichokuwa chake peke yake. Mjumbe wetu atakwenda Kilwa kabla ya masika, na wa pili Lamu, ambako ndiko iliko mikoko mingi zaidi ya Kenya, na tutafurahi kupokea barua kutoka kwa wenzetu wa kinamasi cha Kongo, ambao ghala lao ni kubwa kuliko letu mara nyingi na mlango wake, kama wa letu, ni maji.

Vigingi vya kwanza vitapigwa bamvua la mwezi mwandamo ujao. Njooni na nyundo, kamba, rula ya chuma na maji ya kunywa. Watakaotoka Mafia wafike Nyamisati usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu maji yataanza kujaa mapema na hori ya kaskazini haipitiki kwa mguu yakishavuka mizizi.